Bahasha ya mzee na hisa ambazo mkewe hakuzijua

Katika nyumba nyingi za Mkiwa, mali ni kitu kinachoonekana kwa macho. Ni magunia ya alizeti yaliyopangwa ukutani, mbuzi zizini, kuku wanaosubiri mnunuzi kando ya lami, au kiwanja ambacho kila anayepita anajua ni cha nani. Hata deni huonekana. Kikundi cha VICOBA hukutana hadharani, na kila mwanachama anajua nani amekopa na nani amechelewa kurejesha.

Hisa hazionekani. Mtu anaweza kuwa nazo miaka 16, akala, akalala na akazeeka na mkewe chini ya paa moja, na mke asijue lolote. Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya kata hii ya Wilaya ya Ikungi, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dodoma na Singida. Familia imekubali habari yake isimuliwe kwa sharti moja, kwamba majina yasitajwe.

Mzee wa nyumba hiyo ana miaka 70. Majirani wanamwita Daktari, ingawa alikuwa tabibu wa zahanati hadi alipostaafu mwaka 2014. Asubuhi moja ya Julai 2024 aliamka mkono wa kulia haunyanyuki, mdomo umepinda na neno halitoki. Mtu aliyetumia maisha yake kuwahimiza wenzake wanywe dawa za presha kila siku, alikuwa ameziacha za kwake kwa wiki kadhaa kwa sababu alijisikia vizuri. Kilikuwa kiharusi.

Alilazwa Singida, akaruhusiwa kurudi nyumbani, kisha akapangiwa kliniki na mazoezi ya viungo Dodoma. Bima yake ya ustaafu ililipia kitanda, vipimo na dawa. Haikulipia nauli ya watu wawili kila safari, chumba cha kulala Dodoma, pampas za watu wazima, kiti cha magurudumu wala kijana wa kumwinua asubuhi na jioni. Familia nyingi zinazomuuguza mtu wa kiharusi hujikuta hapo. Hospitali imelipwa, lakini nyumba inaishiwa.

Binti mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi Manyoni, alifungua sanduku la bati la baba yake akitafuta karatasi za pensheni. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya plastiki, alikuta stakabadhi mbili zenye namba ya akaunti ambayo haikuwa ya benki. Moja ilionyesha hisa 500 za Benki ya NMB, za mwaka 2008. Nyingine hisa 200 za Vodacom Tanzania, za mwaka 2017.

Hasira kwa mtu asiyeweza kujibu

Mama hakuelewa mara moja. Binti alipomweleza kwamba baba ni mmoja wa wenye benki, kwa kipande kidogo sana, alicheka. Alipoelezwa kwamba kipande hicho huleta pesa karibu kila mwaka, aliacha kucheka.

Walichukua taarifa ya akaunti ya benki ya mzee. Katikati ya mwaka, mbali na pensheni, kulikuwa na mapokezi mengine yaliyoandikwa gawio. Mama akaanza kukumbuka. Kuna mwaka mzee aliingia na bati 12 za jikoni. Kuna mwaka alilipa ada ya mjukuu bila kuuza hata debe la alizeti. Kila alipoulizwa alijibu kwamba wastaafu wamepewa posho.

"Miaka 16 unanidanganya posho," mama alimwambia. Mzee alimtazama, akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno.

Kwa siku mbili mama hakuzungumza naye. Alimlisha uji, alimgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda, alimfuta mwili, lakini hakumsemesha. Binti anasema hizo ndizo siku ngumu kuliko hata ile ya hospitali, kwa kuwa mama alikuwa na haki ya kukasirika na baba hakuwa na njia ya kujitetea.

Mtu wa simu

Wakati mama amenuna, kijana wa mwisho, fundi pikipiki wa njia panda, alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi. Katika kundi la simu alilounganishwa na rafiki, alipata mtu aliyejiita dalali wa hisa. Mtu huyo alisema atalipa shilingi 1,200,000 kwa hisa zote za NMB, siku hiyohiyo, kwa simu. Alitaka vitu vitatu: picha ya stakabadhi, picha ya kitambulisho cha mzee na shilingi 85,000 za kufungulia faili.

Kijana hakuwa mjinga. Baba yake alikuwa kitandani, na pesa iliyoahidiwa ilitosha safari za miezi mitatu. Alikuwa amekwisha kuazima ile 85,000.

"Dada, tunapoteza muda," alimwambia binti mkubwa.

"Muulize kampuni yake inaitwaje," dada akajibu.

Mtu wa simu alisema yeye ni dalali binafsi, hana kampuni. Alipoulizwa kwa nini pesa zisiingie kwenye akaunti ya benki ya mzee, alisema benki huchelewesha. Alipoulizwa tena, aliwatoa kwenye kundi.

Majibu hayo mawili yalitosha kumkataa, na yanafaa kukaririwa katika kila nyumba. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, anayeruhusiwa kununua na kuuza kwa niaba ya watu ni kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mtu mmojammoja unayezungumza naye ni mwakilishi wa kampuni hiyo, na kampuni ina jina, ofisi na leseni inayoweza kuulizwa. Orodha ya kampuni hizo hutolewa na mamlaka yenyewe na soko lenyewe. Humo utakuta majina kama Orbit Securities, Solomon Stockbrokers, Vertex International Securities, Tanzania Securities na Zan Securities. Nyingi zina ofisi Dar es Salaam, lakini hupokea simu na barua pepe kutoka popote.

Jibu la pili linahusu pesa. Mauzo halali huishia katika akaunti ya mwenye hisa mwenyewe. Hayapitii katika simu ya mtu anayekuharakisha.

Siku hiyohiyo binti alichagua kampuni moja katika orodha, akapiga simu na kujieleza. Aliyepokea hakuahidi pesa ya kesho. Aliuliza maswali mengi kuliko yule wa kundi: jina kamili la mwenye hisa, namba ya akaunti ya hisa, kama yuko hai, kama anaweza kusaini, kama anaelewa anachoulizwa.

Dalali asiye wa lumbesa

Mama alikubali kusikiliza mara ya kwanza pale simu ilipowekwa sauti ya juu. Neno dalali lilimkera. Mkulima yeyote wa Singida anamjua dalali wa vitunguu. Huja shambani akijua bei ya Dar es Salaam ambayo wewe huijui, hujaza gunia mpaka lumbesa, huku bei ikibaki ya gunia moja. Faida yake iko katika kile ambacho mkulima hajui.

Kwa hiyo aliuliza kama mtu wa shamba. Huyu naye ananunua kwangu ili akauze ghali mbele?

Jibu lilikuwa hapana. Dalali wa hisa hapewi hisa zako ziwe zake. Anapeleka agizo lako sokoni, linakutanishwa na agizo la mtu mwingine anayetaka kununua, na yeye analipwa kamisheni. Kwa mauzo madogo, kamisheni hiyo pamoja na ada za soko na za mamlaka hukaribia asilimia mbili hadi mbili na nusu ya thamani. Anayenunua hulipa ada, na anayeuza naye hulipa. Baada ya mauzo, dalali anapaswa kukupa hati inayoonyesha hisa ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, siku gani, na makato ni kiasi gani.

Bei je, nani anapanga? Haipangwi na dalali wala kampuni yenyewe. Inatokana na wanaotaka kununua na wanaotaka kuuza, na hutangazwa kila siku ya kazi. Muuzaji anaweza kumwambia dalali auze kwa bei iliyopo sokoni, au akataja bei ya chini kabisa anayoikubali na kusubiri. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Hisa ya kampuni kubwa kama NMB au CRDB hupata mnunuzi upesi, lakini zipo kampuni ambazo agizo la kuuza linaweza kukaa siku nyingi bila mtu wa upande wa pili.

Na hisa yenyewe ni nini? Ni kipande cha umiliki. NMB ilizaliwa mwaka 1997 pale Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa. Mwaka 2008 Serikali iliuza asilimia 21 ya hisa za benki hiyo kwa umma, kila hisa shilingi 600. Mtumishi yeyote aliyepita benki kuchukua mshahara angeweza kujaza fomu. Tabibu wa zahanati alijaza, akalipa shilingi 300,000 na kupata hisa 500 kati ya milioni 500 za benki nzima.

Mwenye hisa hupata pesa kwa njia mbili. Ya kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenyewe. Kwa faida ya mwaka 2023, NMB ililipa shilingi 361 kwa kila hisa. Kwa hisa 500 hizo ni shilingi 180,500, na baada ya kodi ya asilimia tano inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa sokoni, zinabaki shilingi 171,475. Njia ya pili ni kupanda kwa bei. Hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 600 ilikuwa ikiuzwa mwaka 2024 kwa zaidi ya shilingi 4,000.

Hapo mama alinyamaza kidogo. Zile hisa zilizotaka kuuzwa kwa 1,200,000 kwa mtu wa simu zilikuwa na thamani ya zaidi ya milioni mbili.

Lakini bahasha ilikuwa na stakabadhi mbili, na ya pili inasema jambo jingine. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa wananchi. Bei ilikuwa shilingi 850. Mzee alinunua 200, akalipa shilingi 170,000. Miaka saba baadaye bei ilikuwa chini ya ile aliyonunulia. Kampuni haikufa wala hakuibiwa. Soko tu halikumpa alichotegemea. Mtu aliyenunua stakabadhi ya kwanza pekee angewaambia majirani kwamba hisa ni utajiri. Aliyenunua ya pili pekee angewaambia wasiguse. Wote wawili wangekuwa wamesema nusu.

Ndiyo maana kampuni zinazouza hisa kwa umma hutakiwa kutoa waraka wa kueleza biashara yao, madeni yao na hatari zilizopo. Waraka huo ni mrefu na haufurahishi kusoma. Hata hivyo anayeusoma kurasa za faida na za madeni tu, anajua zaidi ya yule aliyefuata foleni kwa kuwa wenzake wako kwenye foleni.

Swali la mwanasheria

Tatizo kubwa lilikuwa moja. Hisa zilikuwa za mzee peke yake, na mzee hawezi kusema wala kusaini kwa mkono wa kulia.

Kampuni ya udalali ilieleza msingi wake. Mwenye hisa akiwa mzima wa akili, yeye ndiye anayetoa agizo, hata kama ni kwa dole gumba mbele ya mwanasheria, au anampa mtu mwingine hati ya uwakilishi. Akiwa hana tena uwezo wa kuelewa, hakuna mtoto wala mke anayeweza kuuza kwa niaba yake bila mahakama. Akifariki, kazi hiyo ni ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mambo haya hukera familia yenye shida, lakini ndiyo yanayomzuia kijana yeyote kuuza mali ya baba yake mgonjwa kwa siri.

Je, mzee anaelewa? Wengi kijijini walishaamua kwamba Daktari kachanganyikiwa, kwa sababu tu haongei. Daktari aliyekuwa akimtibu Dodoma alisema vinginevyo. Kiharusi kikishambulia upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi hulegeza mkono na mguu wa kulia na huvuruga usemi. Mgonjwa anaweza kukosa maneno kabisa huku akiwa anamtambua kila mtu na anaelewa mengi anayoambiwa. Kupoteza usemi si kupoteza akili. Aliandika hivyo kwenye barua.

Mwanasheria alikuja kutoka Singida na kulipwa nauli na ada yake. Aliomba watoto watoke chumbani kwanza. Kisha akamuuliza mzee maswali ya ndiyo au hapana, polepole, mengine akiyarudia kwa kuyageuza.

Hizi hisa ni zako? Akatikisa kichwa kukubali. Unajua kwamba ukiuza, hutapata tena gawio lake? Akakubali. Unataka ziuzwe zote?

Mzee akakataa.

Familia ilikuwa imeshapiga hesabu ya kuuza zote. Kiti cha magurudumu, nauli, mlezi, na akiba ibaki. Mwanasheria akarudia swali kwa kuligeuza, mzee akakataa tena, na safari hii akainua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole viwili. Ilichukua muda kumwelewa. Mia mbili. Hisa 200 za NMB ziuzwe, 300 zibaki. Za Vodacom zisiguswe.

Swali la mwisho lilikuwa la nani awe mwakilishi wake. Binti alikuwa amejiandaa kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Mzee alimtafuta mkewe kwa macho, na alipoitwa akaingia, akamshika mkono.

Wiki tano

Hisa 200 ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 800,000. Baada ya agizo kufika sokoni haikuchukua muda, kwani kwa utaratibu wa soko malipo ya hisa zilizouzwa hukamilishwa siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Kilichochukua muda ni yaliyotangulia: barua ya daktari, mwanasheria, hati, namba ya simu ya zamani iliyohitaji kubadilishwa katika kumbukumbu, na jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye kitambulisho na kwenye stakabadhi. Tangu bahasha ifunguliwe hadi pesa iingie benki, zilipita wiki tano.

Mgonjwa wa kiharusi hasubiri wiki tano. Miezi ya kwanza ndiyo mazoezi yanapozaa zaidi, na kliniki ikikosekana hairudi. Katika wiki hizo nauli ilitoka kwa mbuzi wawili waliouzwa kwa bei ya haraka na kwa mkopo wa shilingi 400,000 wa VICOBA. Mali isiyoonekana haikusaidia siku ya kwanza. Iliyoonekana ndiyo iliyowabeba.

Hilo ni somo ambalo mtu anayefikiria kununua hisa angelianza nalo. Pesa ya hisa ni ile ambayo hata isipoguswa kwa miaka mingi, nyumba inaendelea kula na kutibiwa. Ada ya Januari haifai kuwa hisa. Pesa ya kujifungua mke haifai kuwa hisa. Mkopo wa kikundi, wenye tarehe ya kurejeshwa na wadhamini wanaokutazama, haufai kabisa, kwa sababu siku ya kulipa inaweza kuwa ndiyo siku bei imeshuka. Kwanza iwepo akiba inayotoka siku hiyohiyo, iwe benki, kwenye simu au kwenye kikundi. Kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachoweza kwenda sokoni na kukaa.

Na anayeanza hahitaji kuanza na mengi. Hufungua akaunti ya hisa kupitia kampuni ya udalali kwa kitambulisho na akaunti yake ya benki. Soko pia lina programu yake ya simu, Hisa Kiganjani, inayomwezesha mtu kununua na kuuza akiwa nyumbani. Akaunti inaweza kufunguliwa kwa jina la mtu mmoja au kwa majina ya watu wawili kwa pamoja. Sehemu hiyo ya fomu wengi huiruka kwa haraka, ilhali ndiyo inayowahusu wanandoa.

Kwa nini alinyamaza

Sauti ya mzee ilirudi kidogokidogo. Kwanza yalikuja maneno mamoja, maji, hapana, mama. Halafu mawili mawili. Mwezi wa saba wa mazoezi, jioni moja, mkewe alimuuliza tena lile swali, safari hii bila hasira. Kwa nini hukuniambia?

Alitafuta neno kwa muda mrefu. Akasema, "DECI."

Mama alielewa papo hapo. Mwaka 2009, miezi michache baada ya mzee kununua hisa, mpango wa kupanda na kuvuna pesa uliojulikana kwa jina la DECI ulisimamishwa na Serikali, na fedha za maelfu ya watu zikakwama. Mdogo wake mama, aliyekuwa Dar es Salaam, alikuwa amepanda mtaji wake wote wa biashara ya mitumba. Ndoa yake haikupona. Mama alikwenda kumchukua yeye na watoto, na aliporudi Mkiwa alisema maneno ambayo mumewe hakuyasahau, kwamba pesa ya karatasi ni pesa ya kuibiwa, na mwanaume atakayemletea karatasi nyumbani kwake aondoke nayo.

Mzee alikuwa na karatasi sandukuni tayari. Angeweza kumweleza tofauti. DECI haikuwa na biashara inayozalisha faida. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, na ahadi ilikuwa ya kuvuna kwa wiki chache. Hisa haina ahadi kama hiyo. Ina kampuni yenye hesabu zilizokaguliwa, bei inayotangazwa, na hasara inayowezekana ambayo mtu huambiwa mapema. Lakini kumweleza mtu mwenye kidonda kibichi ni kazi, na yeye aliona kunyamaza ni rahisi zaidi. Mwaka mmoja ukawa miwili, na kila gawio lililoingia liliifanya siri iwe nzito kuliko jana. Mwishowe hakuwa akificha hisa tena. Alikuwa akificha kwamba amewahi kuficha.

"Uliogopa," mama alimwambia. Mzee akakubali kwa kichwa.

"Ungeniambia tu. Ningekupigia kelele, halafu ningeuliza maswali."

Na kweli, maswali aliyouliza katika simu ile ya kwanza yalikuwa bora kuliko ya msomi yeyote nyumbani humo. Aliuliza anayenipimia analipwaje, bei anaijua nani, risiti iko wapi, nikiugua nani atachukua. Ni maswali ya mtu aliyeuza vitunguu kwa lumbesa miaka 30 na hataki kuibiwa tena. Kama mzee angeyasikia mwaka 2008, pengine akaunti ingekuwa ya majina mawili na wiki tano zingekuwa chache zaidi.

Sasa namba ya akaunti ya hisa, jina la kampuni ya udalali, simu yake na nakala za stakabadhi zimeandikwa kwenye daftari la shule. Nakala moja iko kwa mama, nyingine kwa binti Manyoni. Kijana wa pikipiki aliomba ya kwake, na dada yake akampa. Mbuzi wawili wamerudishwa zizini kwa gawio la mwaka uliofuata, na mkopo wa kikundi umelipwa. Hisa 300 za NMB na 200 za Vodacom bado zipo kwa jina la mzee, na mama ndiye anayefuatilia bei zake. Hajanunua hata moja ya kwake. Anasema alizeti ikiuzwa vizuri atatenga kwanza ya nauli za Dodoma, ya pili ya mbegu, na ikibaki ya tatu, watakaa wawili waamue.